Katoni Ukutani
Nilipoacha chuo nilihamia chumba cha mabati Kawangware, ndicho nilichoweza kulipia. Mchana unaiva humo kama kiazi. Saa nane za usiku, Julai, Nairobi ikishuka hadi nyuzi 12, unatetemeka ndani ya blanketi mbili. Watu husema baridi inaingia. Kumbe joto lako ndilo linatoka. Bati hupitisha joto upesi, na mawingu yakikosekana hulirusha angani mpaka bati lenyewe linakuwa baridi kuliko hewa ya nje. Pumzi zetu zikiligusa zinageuka maji, alfajiri yanakudondokea usoni.

Mama wa chumba cha pili alinionyesha dawa ya mtaa: katoni, zimepigiliwa ukutani na juu. Hewa inanaswa kati ya tabaka zake, na hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana. Sweta hufanya kazi vivyo hivyo.

Lakini katoni hushika moto haraka. Na jiko la makaa kwenye chumba kilichozibwa hutoa gesi isiyo na harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Kwa hivyo kila usiku tunaamua: tuzibe au tupumue? Tulimwomba landilodi atuwekee silingi. Akaongeza kodi, silingi bado tunaingoja.