Maktaba ya mbao Msasani? Usicheke!

Kuna siku nilichekwa hadi nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa chuoni, mwaka wa mwisho wa usanifu majengo, nimebandika ukutani michoro ya maktaba ya watu wote hapa kwetu Msasani. Nguzo mbao, sakafu mbao, kuta mbao. Mwalimu mmoja akauliza, "Binti, hii ni maktaba au chakula cha mchwa?" Darasa zima hoi.

Wao walikuwa wanacheka, mimi nakumbuka nyumbani. Chumba kimoja, watu sita, redio ya jirani haizimwi. Mtihani wa Fomu Foo nilijisomea Maktaba Kuu ya Taifa kule mjini, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Konda hataki mwanafunzi, na ukichelewa kufika huna kiti.

Jioni nikateremka ufukweni kwa babu mmoja, fundi mashua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

Nikamweleza. Naye akacheka! Kisha akagonga taruma za mashua aliyokuwa akiitia kalafati. "Hii inalala kwenye chumvi miaka nenda rudi. Kinachoiozesha ni maji ya mvua yakituama ndani. Mjukuu wangu, mti uvishe kofia na viatu."

Bwana wee, usiku ule nilifuta nusu ya mchoro. Jengo nikalinyanyua juu ya viguu vya zege, kila kiguu na bati lake la kumzuia mchwa. Paa nikalitokeza mbali nje ya kuta, upepo wa bahari upite chini na juu.

Na usidhani ni zile mbao za kupigia dari. Unachukua mbao za paini, unazipanga tabaka kwa tabaka, moja imelala, nyingine imeikatiza, unazitia gundi na kuzishindilia mpaka zinakuwa kipande kimoja kinene kama ukuta. Wazee wetu wa pwani walitumia boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya Lamu na Mji Mkongwe ni vyembamba, kama mita tatu hivi. Boriti imeishia hapo. Hii ya gundi unaiunga, unapata ukumbi mpana wa kusomea bila nguzo katikati. Na nyepesi! Mita moja ya ujazo ya zege ni kilo kama 2,400. Paini haifiki 600.

Moto? Hata mimi uliniogopesha. Kumbe gogo nene huungua nje pole pole, kama milimita 0.7 kwa dakika, na ule mkaa unakinga moyo wake. Unaongeza unene wa kuunguzwa, watu wanapata muda wa kutoka.

Wenzetu wa Skellefteå, Uswidi, walifungua jengo lao la Sara Kulturhus mwaka 2021, ghorofa 20 za mbao, na maktaba ya mji imo humo humo. Mwaka huo huo, Fumba kule Unguja ulitangazwa mpango wa mnara wa ghorofa 28 wa mbao na zege. Paini tunayo, nenda Sao Hill, Mufindi, ukaione. Gundi na mashine si bei ya karanga, hilo sikatai.

Mara ya pili yule mwalimu alivitazama vile viguu kwa muda mrefu. "Nani kakufundisha?"

"Fundi mashua."

Hakucheka.

Michoro iko chini ya kitanda changu. Juzi mtoto wa jirani, yuko Fomu Foo, kaifumania. Kaniuliza, "Dada, wanafungua lini?"