Kofia ya Kalamu na Mchi wa Bibi

Hivi umeshawahi kuangalia kalamu ikiwa ndani ya mfuko wa shati la mtu? Mwalimu mstaafu, karani wa benki, mheshimiwa, wote sawa tu. Kalamu yenyewe huioni. Unaona kibanio na kile kidude cha juu, basi.

Nauliza kwa sababu nimemaliza mwezi mzima nikihangaikia kidude hicho. Mimi nakiita kofia.

Kalamu za kukereza zinatengenezwa hivi: fundi anachukua kijiti cha mti, anatoboa tundu la milimita 7 katikati, anagundisha bomba jembamba la shaba, kisha anakifunga kwenye mashine na kukikereza mpaka kiwe laini. Vya ndani vyote, pamoja na kibanio na kofia, vinakuja kwenye pakiti kutoka nje. Kwa hiyo unanunua kalamu ya mpingo, mti mzito mpaka unazama majini, mti ambao Wazungu wanatengenezea klarineti, halafu ukiichomeka mfukoni kinachoonekana ni kibati cha kiwandani kinang'aa. Mpingo wote umefichwa na kitambaa! Mafundi mtanisamehe, lakini mimi naona ni kichekesho.

Sasa ya kwetu. Bibi alifariki mwaka 2019 akaacha mchi wa mpingo. Vitu vingine viligawanywa bila maneno: mikeka, masufuria, hata minazi. Mchi ndio ukaleta kesi. Baba anasema mama yake alimwachia yeye nyumba na vilivyomo. Shangazi anasema mwanaume na mchi wapi na wapi, na aliyetwanga nao tangu ana miaka saba ni yeye. Wote wana hoja, na ndiyo maana haikuisha. Salamu zikaanza kupitia kwetu watoto. Mchi wenyewe ukabaki stoo, ukapasuka kwa urefu, na nilipoufuata mwaka huu sehemu nzima iliyobaki ilikuwa kama urefu wa kidole.

Kidole hakitoshi kalamu mbili. Kofia mbili kinatosha.

Fundi niliyempata Mwenge alikigeuzageuza kile kipande, akanitazama. "Dada, kadogo hivi nitakashika na nini?" Swali la haki kabisa. Mwishowe alikigundisha kwenye gogo la mti mwingine ili mashine ipate pa kubana. Shida haikuwa kichwa cha kofia, ilikuwa shingo: lazima ibaki nyembamba ya kupita kwenye pete ya kibanio na kuingia ndani ya bomba, maana kofia ndiyo inayokishikilia kibanio kisichomoke. Alijaribu kwanza kwenye mabaki yake, ikakatika. Ya pili ikakaa. Halafu kuna gundi... mpingo una mafuta yake, usipoufuta kwa spiriti kwanza, gundi inadanganya tu.

Wazo zuri kuliko yote lilikuwa lake, si langu. Mpingo ni mweusi ndani, ila karibu na gome una mti wa rangi ya maziwa. Akakata pale pale vinapokutana, kofia zote mbili mstari mmoja, moja ikifuatia nyingine. Ukizitazama kwa juu, kila moja ina kamwezi keupe pembeni, na miezi hiyo inafanana kama pacha. Alinitoza kofia bei kuliko kalamu zenyewe. Nikalipa.

Baba anaivaa yake kwenye shati, hata msibani. Hajasema kitu, ila nimeona akiigusa kwa kidole gumba anaposikiliza taarifa ya habari.

Shangazi kaitia kwenye pochi, ambako kofia haionekani na mtu yeyote. Wiki iliyopita akanipigia, saa tatu usiku.

"Mwanangu, na ya kaka ina kamwezi?"

"Inako, shangazi. Vimekatwa mstari mmoja."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniomba namba mpya ya baba.