Salamu za Gatini Shimoni

Juma lililopita mmoja katika mama zetu wa mtaa alinitumia swali kupitia kwa mke wangu. Yeye na jamaa zake, wanawake sita na watoto, wanataka kwenda kutembea Mkwiro likizo hii ya Agosti. Aliuliza: nauli ya mashua ni kiasi gani, na je, tutaibiwa? Nililicheka hilo neno la mwisho. Kisha cheko likanikauka kinywani, kwa kuwa Mkwiro ni kwa mama yangu, na jawabu la swali lile nalijua kuliko ninavyopenda kulijua.

Kwa asiyepajua, Mkwiro ni kijiji cha upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, kusini kabisa mwa Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Kijiji cha Wasini chenyewe kiko upande wa pili, na ndicho wageni wa hotelini hupelekwa zaidi. Kisiwa kizima ni mwamba wa matumbawe na mibuyu. Hakina mto wala kijito, na tangu enzi za wazee watu hukinga maji ya mvua katika mabirika. Ukienda, tia udhu kwa adabu: maji yale mtu aliyangoja tangu masika. Lugha ya wenyeji ni Kivumba. Bibi yangu mzaa mama alipokuwa akinigombeza kwa Kivumba, mimi niliyekulia mjini nilielewa nusu ya maneno, na nusu iliyobaki nikaielewa kwa bakora.

Agosti ni kipupwe, na kusi bado inavuma. Asubuhi Mkwiro kuna baridi ya kumfanya mzee atafute koti. Nje ya mwamba bahari imechafuka, mwenye ngalawa hathubutu, samaki huadimika. Ndio wakati nyangumi hupita mbali wakielekea kaskazini, na mwenye bahati huwaona. Lakini wageni ni wachache, na hao wachache hufika gatini Shimoni mbele ya watu ambao pengine wamekaa majuma mawili bila kazi. Hapo ndipo kisa changu kilipo. Ila nitaanza mbali kidogo, maana aibu ya mwenzio ni nyepesi kuitaja.

Miaka michache nyuma, tukirudi Umra, kikundi chetu kilipitia Istanbul kwa siku nne. Ilikuwa Januari. Mimi ni mtu wa pwani, theluji nilikuwa nikiisoma vitabuni tu. Siku ya kwanza nilivaa kanzu juu ya suruali mbili na bado meno yalinigongana. Mji ule ukikutazama unakulainisha moyo. Adhana inatoka Sultan Ahmed, inajibiwa na misikiti ya jirani, na wewe umesimama na kofia yako unajiona umefika kwa ndugu. Nami kwa kujiona nimefika kwa ndugu nikaacha akili yangu hotelini.

Mng'arisha viatu mmoja alikuwa akitembea mbele yangu, brashi yake ikaanguka. Nikaiokota, nikamwita. Akashika moyo wake kwa shukurani, akanisalimu salamu kamili ya Kiislamu, akasema lazima anilipe wema kwa kuning'arishia viatu. Nikakataa, akang'ang'ania, nikainua mguu. Alipomaliza kiatu cha pili akaanza habari ya mtoto aliyelazwa hospitali, na akataja kiasi ambacho kwetu ungenunua viatu vipya. Nililipa. Jioni, mwenyeji wetu aliponisikiliza, hakungoja nimalize. Alisema brashi ile huanguka kila siku, mara nyingi kwa siku, na kila mara karibu na mgeni.

Wenzangu nao walikuwa na yao. Mmoja alimpa dereva wa teksi noti ya lira 200. Dereva akageuka, akaonyesha noti ya 20, akadai ndiyo aliyopewa. Mama mmoja wa kikundi alinunua zafarani rahisi mno katika Soko la Viungo kule Eminönü, akafurahi, akaleta nyumbani. Ilikuwa maua ya kartamu, yale yauzwayo kwa jina la zafarani ya Kituruki. Pilau ilipata rangi, harufu haikupata. Siku zilizofuata tulijifunza: kununua kadi ya usafiri na kupanda tramu na feri kama wenyeji, kumtaka dereva awashe mita kabla gari halijaondoka, kuitaja noti kwa sauti unapoitoa, kutoketi mkahawani kabla ya kuiona orodha ya bei. Feri ya kwenda Üsküdar, pamoja na baridi yake, ndiyo niliyoipenda kuliko yote, na ilikuwa rahisi kuliko kile kiatu.

Nilirudi nyumbani nikihadithia. Barazani nilisema kwa ukali kwamba mtu akikuibia kwa bei amekuibia mara moja, lakini akikuibia kwa salamu amekuibia na salamu yenyewe. Watu waliafiki. Nilijiona nimesema.

Agosti iliyofuata nilikuwa gatini Shimoni asubuhi, nikingoja mashua ya mjomba wangu. Ikashuka familia kutoka bara: baba, mama, bibi yao mkongwe aliyeshikwa mkono, na watoto wanne. Waislamu, mama na mabinti wamejisitiri vizuri. Kijana mmoja akawaendea kabla hawajafunga mlango wa gari. Akawapa salamu kamili, akamshika bibi mkono, akamwambia shikamoo, akauliza habari za safari. Ilikuwa nzuri kuitazama. Nikajisemea, huyo ndiye mtoto wetu, nimemfundisha mimi. Na kweli nilimfundisha mimi, tangu alifu mpaka juzuu ishirini.

Walilipa pale pale, kwa simu. Nilikuja kujua mambo yalivyokwenda nilipowakuta Mkwiro adhuhuri, wamekaa chini ya mti, baba mtu amenyamaza kwa namna inayojulikana. Waliahidiwa kwenda Kisite kuona pomboo, chakula cha mchana kijijini, na ada ya hifadhi ndani yake. Walipofika baharini, nahodha akawaambia hana habari ya ada wala chakula; yeye amepewa pesa ya kuvusha tu, na kwenda Kisite kwa kusi ile ni bei nyingine. Walichokwisha kulipa kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kile ambacho mjomba wangu angemtoza mtu kwa kukodi mashua nzima kuja Mkwiro. Yule bibi hakulalamika juu ya pesa. Aliniuliza tu, "Maalim, yule kijana alinishika mkono. Mbona alinishika mkono?"

Sikuwa na la kumjibu. Khalati yangu aliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakala, na hakutaka malipo. Mezani palikuwa na kaa pia, ambaye sisi Mashafii tuna maneno yetu juu yake; watoto hawakungoja fatwa.

Jioni nilimtafuta kijana. Nilimkuta ameketi juu ya injini iliyoharibika, akasimama kwa heshima. Nikamweleza. Hakukana. Akasema, "Maalim, dalali hana mshahara. Nikileta mgeni nahodha hunipa kidogo, na kusi hii tangu Juni sijaleta watu kumi." Nikamwambia njaa si hoja ya kudanganya, na salamu si chambo. Akainamisha kichwa, kisha akasema polepole, bila ufidhuli, "Na mabati ya madrasa, Maalim, yalitoka wapi?"

Wasomaji wangu, yalitoka kwake. Mwaka uliotangulia alileta mchango, mkubwa kwa kijana wa rika lake, na mimi nikamwombea dua mbele ya watu wote. Sikumuuliza kazi gani. Nilijua kazi gani.

Katika vitabu vyetu vya fiqhi mlango huu hauhitaji kutafutwa mbali. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kutoka nje ya mji kuipokea misafara kabla haijafika sokoni, kwa sababu mgeni hajui bei, na anayemwahi njiani anaununua ujinga wake. Wanazuoni wakaeleza kwamba aliyepunjwa hivyo akifika sokoni akaijua bei, ana hiari ya kuuvunja mkataba. Mafunzo hayo yamemhusu mwenye ngamia, lakini gati ya Shimoni si tofauti. Tofauti ni kwamba hapa mgeni ndiye mnunuzi. Hivyo nilimwambia kijana: watu wale wana hiari, warudishie. Akarudisha kiasi, kwa simu, mbele yangu. Sehemu nyingine, alisema, imekwisha kuliwa, na niliamini kwa kuwa niliona nyumba yake.

Sasa nirudi kwa mama aliyeuliza. Mama yangu, si kila bei kubwa ni wizi. Nafasi moja katika mashua ya wanakijiji ni kitu kimoja, na kukodi mashua nzima, mafuta na siku ya nahodha, katika bahari ya kusi, ni kitu kingine. Mgeni anayeshusha bei mpaka nahodha abane mafuta au aache majaketi ya kuokolea nyumbani, naye amedhulumu, na amejidhulumu. Uliza bei hizo mbili kando kando. Waulize watu wawili au watatu, na mmoja wao awe mwanamke anayeuza chakula au mama anayengoja kuvuka. Hao huitaja nauli kwa kuwa wanailipa. Mkubaliane na nahodha mwenyewe, si aliyekufuata kwenye gari, mwende wapi, mrudi saa ngapi, chakula kimo au hakimo, na hayo yaandikwe hata kwenye simu. Toa nusu, nusu nyingine mkirudi salama Shimoni. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea. Likiwa si la unayezungumza naye, uliza kwa nini.

Ada ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti ni ya Shirika la Wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen, na bei ya raia si ya mgeni wa nje. Ilipeni wenyewe mkiwa nyumbani na mtembee na risiti. Mtu akikuambia "nitakulipia mimi," mshukuru na ukatae. Kama mwataka Mkwiro peke yake bila kwenda Kisite, hakuna haja ya kuitafuta ada hiyo kabisa, na kwa wenye watoto wadogo kipupwe hiki mimi ningewashauri hivyo.

Mkumbuke maji. Siku za bamvua maji yakitoka hutoka mbali, na chombo hakifiki pwani; mtatembea juu ya miamba, na pengine atatokea wa kuwabeba na kutaja bei mkiwa mmekwisha kuwa mgongoni. Uliza saa ya kujaa kabla ya kuondoka Mombasa, na vaeni viatu vya kulowa. Vukeni asubuhi, upepo huongezeka mchana. Kila mtu avae jaketi, na la mtoto liwe la mtoto. Hapo msione haya. Nahodha akikereka, yupo nahodha mwingine.

Njia ni nyepesi: mtembea kwa miguu halipi kivuko cha Likoni, kisha ni matatu za Lunga Lunga, mkishuka njia panda ya Shimoni baada ya Ramisi. Mkiwa na muda Shimoni ingieni yale mapango yaliyoupa mji jina. Ada yake ni ya wanakijiji. Mkwiro mkifika, watafuteni akina mama wanaolima mwani, muwape nafasi ya kuwauzia kitu. Semeni mwatoka kwetu.

Kuhusu kijana: tumekubaliana, yeye, mjomba wangu na manahodha watatu, kuweka ubao gatini wenye bei za kuvuka, za kukodi na za chakula, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mmoja wa manahodha alijitoa baada ya siku mbili, akasema bei ikiandikwa kusi na kaskazi zitakuwa sawa. Ana hoja, nasi tumeacha nafasi ya kubadilisha tarakimu. Mabati bado yako juu ya madrasa. Nimewaza kuyateremsha, na mvua ilinyesha juzi watoto wakiwa ndani, nikaacha. Ubao nimeununua mimi; umeegemezwa ukutani kwa khalati, umepakwa rangi nyeupe mkono mmoja, na unangoja wa pili.