Mkono na Chombo

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Msomaji mpenzi, methali hii nilimtupia mdogo wangu siku tulipocheza kwenye kompyuta ya nyumbani Missile Command, mchezo uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1980. Mchezaji hulinda miji sita isiangamizwe na makombora. Kwa kijiti alichoshika, mdogo wangu hakuokoa hata mmoja. Nami nikamwita mzembe.

Baadaye nilijifunza kuwa mashine ya asili, iliyowekwa katika kumbi za michezo, haikuwa na kijiti. Ilikuwa na tufe la kuviringisha kwa kiganja: ukilisukuma upesi, alama ya shabaha hukimbia, ukilisukuma polepole, hutambaa. Vifungo vitatu vilifyatua makombora kutoka vituo vitatu. Mchezo ulipoingia majumbani mwaka 1981 kwa Atari 2600, kijiti na kifungo kimoja vilishika mahali pa vyote hivyo, na kituo kikabaki kimoja.

Basi nilimpa mdogo wangu kipanya, ambacho huufuata mkono kama tufe. Aliokoa miji minne, wala hakuniringia. Nilimwomba radhi. Nawe, kabla hujauhukumu mkono wa mwenzio, tazama kwanza chombo ulichompa.