Tulipoanza na Printa

Mwaka jana darasa letu la falsafa lilikuwa na shilingi 992,000 na mawazo matatu ya kuzitumia. Fedha hizo zilitokana na mradi wa kuku wa nyama, kundi la kwanza, baada ya kutoa gharama za vifaranga, chakula, chanjo na mkaa. Sisi tunaoandika hapa ni wanne, tuliokuwa kamati ya mradi. Makala haya ni ungamo dogo, ingawa lile la sakramenti tumeshalifanya mahali pake.

Wazo la kwanza lilikuwa hija ya Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Wengi wetu tumetoka bara na hatukuwa tumeiona bahari, kwa hiyo tusidanganyane kwamba hamu yote ilikuwa ya kiroho. Wazo la pili lilikuwa printa, maana kila kazi ya semina ilitupeleka hadi stesheneri ya njia panda, jua likiwa kali, na mwenye duka mara nyingi akiwa hana karatasi. La tatu lilikuwa frateri mwenzetu aliyerudi nyumbani mwezi Januari kumwuguza mama yake, akijua kwamba pengine hatarudi. Huyo ndiye aliyekuwa akiamka saa nane usiku kuongeza mkaa kwenye jiko la vifaranga, sisi tukiwa tumelala. Baadhi walisema apewe fedha zote aanzie maisha.

Tulikuwa 31 darasani. Kabla ya kikao tulipita vyumbani kusikiliza watu wanasemaje, kazi halali kabisa ya kamati. Wenzetu 12 walitaka Bagamoyo kwanza, ikishindikana printa, na mwenzetu mwisho. Walisema shida ya nyumbani kwake ichangiwe kwa hiari, kila mtu na alichonacho. Wengine 10 walitaka printa, kisha mwenzetu, na Bagamoyo mwisho, kwa sababu safari ni ya siku moja. Waliobaki 9 walitaka mwenzetu kwanza, kisha Bagamoyo, na printa mwisho, kwani printa yetu ya zamani ilikufa ndani ya muhula mmoja.

Usiku ule, baada ya sala ya mwisho, tukaketi na karatasi ile. Ulikuwa wakati wa ukimya mkuu, na hilo nalo ni kosa. Hesabu ilitushangaza. Ukishindanisha Bagamoyo na printa, Bagamoyo inashinda kwa kura 21 dhidi ya 10. Ukishindanisha printa na mwenzetu, printa inashinda 22 kwa 9. Basi ungetarajia Bagamoyo imshinde mwenzetu kwa urahisi. Hapana: mwenzetu anaishinda Bagamoyo 19 kwa 12. Kila jambo linalishinda jingine na kushindwa na jingine, kama mbwa anayeufukuza mkia wake. Na hapo hakuna frateri hata mmoja aliyekosa akili. Kila mmoja alikuwa na mpangilio wake ulionyooka. Aliyejipinda ni "darasa", tulipojaribu kulifanya liwe mtu mmoja mwenye nia moja.

Baadaye tulikuta maktaba kwamba jambo hili ni la kale. Ramon Llull, mwanafalsafa wa Majorca, aliandika mwaka 1299 kuhusu kuchagua viongozi kwa kuwalinganisha wawili wawili. Condorcet, Mfaransa, alilieleza fumbo lenyewe mwaka 1785. Mwaka 1951 Kenneth Arrow wa Marekani alithibitisha kwa hesabu kwamba, mambo yakiwa matatu au zaidi, hakuna namna ya kupanga mapendeleo ya watu kuwa uamuzi mmoja ambayo itatimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaita ya haki. Wengi wape, tumezoea kusema. Swali letu lilikuwa: wengi wepi?

Lakini usiku ule hatukuwa na Arrow. Tulikuwa na karatasi, na wote wanne tulikuwa miongoni mwa wale 12. Tukaona kwamba atakayepanga utaratibu wa kura ndiye atakayepanga matokeo. Ukianza na Bagamoyo dhidi ya printa, mwishoni anashinda mwenzetu. Ukianza na mwenzetu dhidi ya Bagamoyo, inashinda printa. Ukianza na printa dhidi ya mwenzetu, tunakwenda kuiona bahari.

Tulianza na printa. Kikao kilichukua dakika 20. Mwenzetu alishindwa na printa, printa ikashindwa na Bagamoyo, watu wakapiga makofi. Hakuna kura iliyoibwa wala mtu aliyedanganywa kwa neno hata moja. Frateri mdogo kuliko wote darasani alinyoosha mkono akauliza, "Samahani, kwa nini tulianza na printa?" Tulimjibu kwamba ni utaratibu tu. Mtakatifu Benedikto anaagiza katika Kanuni yake, sura ya tatu, kwamba wakati wa shauri kubwa ndugu wote waitwe, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo muhula uleule.

Bagamoyo tulikwenda kwa Coaster la kukodi, tukiwa tumebanana. Tuliona kanisa la kale, mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, na pwani. Kwenye makumbusho ya misheni kuna minyororo ya watumwa. Unasimama pale unasikiliza habari za watu ambao hatima yao iliamuliwa na wengine waliokaa mezani bila wao. Hatukuzungumza sana wakati wa kurudi. Tusikuze mambo, kuku wetu si biashara ya watumwa. Ila tulikuwa tumeacha kufurahia.

Kwa wiki kadhaa tulijitetea. Mmoja wetu alikumbuka kwamba tangu mwaka 1179 Kanisa linadai theluthi mbili za kura kumchagua Papa. Akapiga hesabu: theluthi mbili ya 31 ni kura 21. Kwa kanuni hiyo Bagamoyo isingeshindwa, maana mwenzetu aliishinda kwa 19 tu! Tukafarijika kwa siku mbili hivi, mpaka tulipogundua kwamba tumefanya kosa lilelile mara ya pili: tumetafuta kanuni baada ya kujua itampa nani ushindi.

Kilichotusumbua zaidi, hata hivyo, hakikuwa utaratibu. Tuliweka vitu vitatu mezani kana kwamba ni vya aina moja. Bagamoyo na printa yalikuwa mapendeleo. Mtu anaweza kutaka hiki au kile. Mwenzetu alikuwa amefanya kazi. Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake, na sehemu ya fedha zile ilikuwa yake hata kabla hatujafungua kikao. Ukigawa 992,000 kwa watu 32, yeye akiwemo, kila mmoja anapata 31,000. Hizo hazikuwa za kupigiwa kura hata kidogo. Zilizobaki ndizo tungezigombania, na kama tungekwama tungepiga kura ya bahati, kama mitume walivyofanya kwa Mathia.

Tuliliambia darasa ukweli mwezi Oktoba. Wengine walikasirika, wengine walicheka, na yule mdogo hakusema kitu. Kundi la pili la kuku lilipouzwa, kabla ya jambo lolote tulitoa 62,000: fungu lake lenyewe na jingine kama hilo kwa ajili ya zile saa nane za usiku. Hapo tulibishana, kwa sababu hakuna anayejua usiku mmoja wa frateri ni shilingi ngapi. Tukamtumia kwa simu.

Alijibu baada ya siku mbili. Alishukuru, akasema mama anaendelea kidogo kidogo na kwamba naye amefuga kuku 50. Kisha akauliza kama tulishanunua printa, maana yeye, angekuwepo, hiyo ndiyo angeipigia kura. Katika vyumba vyote tulivyopita kuuliza, hatukuwa tumempigia simu.

Kundi la tatu la vifaranga lina wiki mbili sasa. Mapendekezo yameshafika manne.