Luneti ya bunduki: mbele ya kutoa feza, pima pori lako

Tangu ndugu zetu wa upande wa Walikale walipoanza kufika kwetu Maniema mwaka wa 2025, vijana wenye kujua pori wananiuliza ulizo moja: luneti gani ya kufunga juu ya bunduki inafaa, ya bei ndogo, ili mutu apige nyama ya mbali? Wananiuliza kwa sababu wanajua nilikulia katika nyumba ya muwindaji. Leo ninajibu kwa wote.

Tuanze na hesabu zinazoandikwa juu yake. 3-9x40 maana yake inakuza kuanzia mara 3 mpaka mara 9, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 40. Wengi wanakimbilia ile 9, wakizani ndiyo nguvu. Lakini gawanya 40 kwa 9: mwanga unaofika kwenye jicho una upana wa milimita 4 na kidogo tu. Gawanya kwa 4: unapata 10. Mangaribi chini ya miti yetu mikubwa, jicho la kijana linafunguka karibu milimita 7. Kwa hiyo ukikuza sana unajiongezea giza, na tawi moja linajaza kioo chote.

Halafu, bunduki yenyewe. Hapa kwetu wengi wanawinda na kaliba 12. Risasi zake zinatawanyika. Kisha metre 40 hivi, hazishikamane tena. Nyama inapata vidonda, inakimbia, inaenda kuoza mahali usipopajua. Luneti inakuonyesha mbali, lakini haipeleke risasi mbali. Na katika pori letu, nani anaona nyama kwa metre 100? Pengine katika nyasi za upande wa Kasongo na Kabambare, kwa yule mwenye bunduki ya risasi moja.

Bei nayo ina mitego. Luneti za feza kidogo, nyingi zilitengenezwa kwa bunduki ya hewa. Kishindo cha kaliba 12 kinalegeza vioo ndani, na msalaba wa kulengea unahama. Kama jicho haliko mbali na kioo kwa sentimetre 8 ao zaidi, chuma kitakupasua nyusi. Ongeza vishikizo vya kuifungia, ongeza kartushi za kujaribu mpaka ilenge sawasawa. Kila kartushi ya kujaribu ni nyama moja uliyoacha.

Kijana mumoja aliyepokelewa na muzee wa mutaa wetu alikuwa na dola 60 alizotumiwa na dada yake. Alipenda kumununulia muzee luneti, kama shukrani, kwa sababu watu saba wanakula kwenye meza yake. Muzee alimusikiliza mpaka mwisho, kisha akamujibu: «Mwanangu, bunduki yangu ina karatasi, na kila mutu hapa anaijua. Ukiweka kitu hicho juu yake, kwenye barriere haitakuwa tena bunduki ya muwindaji.» Kijana alinyamaza. Siku ya tatu alinunua nyavu na ndoana, na sasa wanashuka pamoja kwenye muto Lualaba.

Neno la yule muzee ndilo kubwa kuliko bei. Wakati wa vita, bunduki yenye luneti inasomwa kama silaha ya mupiganaji, na anayekimbia na watoto hawezi kueleza kila mahali. Sheria ya 1982 juu ya kuwinda inaomba ruhusa, ile ya 1985 juu ya silaha inaomba karatasi ya kushika bunduki. Na katika Mbuga ya Lomami, iliyoundwa mwaka wa 2016, kuwinda kumekatazwa kabisa: ndani mule kuna bonobo, okapi na lesula, kima ambaye dunia ya wataalamu ilimujua tu mwaka wa 2012.

Mwenye karatasi zote, mwenye bunduki ya risasi moja, na anayewinda kwenye nyasi, achague luneti isiyobadilika, 4x32: ina vyuma vichache vya kuharibika. Aitikise asikie kama kitu kinacheza ndani. Atafute ukungu kwenye vioo. Aiangalishe kona yenye giza, asiielekeze kwa jua hata kidogo, maana itachoma jicho.

Wengine wote, zaidi nyinyi munaokaa kwa watu, mushike feza yenu. Katika pori la Maniema, kinacholeta nyama karibu ni kujua upepo na kutembea polepole, na hivyo haviuzwe sokoni.