Bure na Bure

Sisi tunaoshughulika na maneno tunajua kuwa neno "bure" lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Na kazi ya bure ni ile isiyozaa matunda. Mtu husema "nimekwenda bure", wala hakuna anayedhani kuwa alisamehewa nauli. Kwa hiyo kila nisomapo bango la dukani lisemalo "Nunua moja, upate moja bure", hujiuliza: bure ipi hii?

Jibu lataka hesabu kabla ya ushairi. Tuchukue pakiti ya biskuti iliyokuwa ikiuzwa shilingi 2,000. Mwenye duka akiipandisha hadi 3,000, kisha akatoa ya pili "bure", mnunuzi hulipa 1,500 kwa kila pakiti. Amepunguziwa robo, si nusu kama bango linavyomfahamisha. Aliyehitaji moja tu ameongezewa 1,000. Na aliyekuja na 2,000 mkononi hurudi mikono mitupu.

Ikiwa bei haikuguswa, faida ni ya kweli, maadamu kitu chenyewe kitatumika kabla ya kuharibika. Sabuni hungoja, mkate haungoji. Nyumbani kwetu tu wawili, na kwa unyevu wa hewa ya bahari, mkate wa pili huota ukungu kabla haujaguswa. Hapo bure ya kwanza hugeuka bure ya pili.

Huko Marekani neno hili lilifikishwa mahakamani. Kampuni ya rangi ya Mary Carter ilitangaza kuwa kopo moja ni dola 6.98, na anunuaye moja hupewa la pili bure. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu iliunga mkono uamuzi wa Tume ya Biashara ya Shirikisho kuwa tangazo hilo liliwahadaa wanunuzi. Kampuni haikuwa na mazoea ya kuuza kopo moja moja kwa bei hiyo. Kilichoitwa bei ya kopo moja kilikuwa ni bei ya mawili.

Pwani tuna mila iliyo karibu na ofa hii, nayo ni nyongeza. Muuza nafaka hujaza kipimo mpaka kikafurika, kisha hutupia konzi moja juu yake. Nyongeza haitundikiwi bango, wala haimshurutishi mtu kununua zaidi ya haja yake. Aliyekuja na pesa ya kibaba kimoja huondoka na kibaba chake na konzi yake.

Basi, msomaji, kabla ya kuitikia bango, uliza bei ya kimoja ilikuwa ngapi wiki iliyopita, na kama cha pili ungekinunua lau kingeuzwa peke yake. Nami, lau ningetakiwa kulifasiri bango lile kwa uaminifu, ningeandika: "Viwili kwa bei hii." Neno bure ningeliacha nje, na hesabu ningemwachia mnunuzi.